Mawe Yaliyo Chini ya Barafu

Kijiji cha Hamaoki, Ziwa Minawa
7 Desemba 1958

Kwa Kaka Nobuteru mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko Shimonoseki upepo wa bahari haukusumbui kifua. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwuliza anasema ni moshi wa jiko. Babu yupo, anakula vizuri, hasemi sana siku hizi. Majani ya kachumbari tumeshayaosha na kuyatia chumvi, mapipa mawili. Mikono yangu bado ni myekundu kwa baridi ya maji, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Mwalimu Komaki anasema barua njema hutaja majira kabla ya kutaja haja. Basi majira ni haya: juzi asubuhi ukingo wa ziwa ulikuwa na utando mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Bata walipanda juu yake, wakasimama, wakatazamana kama wageni waliokosea nyumba. Kufika saa nne utando umeyeyuka. Shuleni nimechaguliwa kuwa mpimaji wa barafu. Nina rula, daftari, na mtaimbo wa Babu.

Sasa haja. Kaka, unajua rundo letu la mawe kule ziwani, wanamojificha samaki wakati wa baridi, halikufunguliwa miaka miwili. Mwaka ule wa kwanza barafu haikufika unene wa vidole viwili. Mwaka jana wewe ulikuwa umeshaondoka, na Babu akasema barafu ni mbaya. Huu ni wa tatu. Mzee Ushiyama, mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi, amekuja kutukumbusha kanuni: rundo lisilofunguliwa majira matatu ya baridi mfululizo linafutwa kitabuni, na mahali pake anapewa mwingine. Alizungumza kwa upole, akiwa amevua kofia. Mahali petu bado pameandikwa kwa jina la Baba. Hatuna kaburi lake lenye mifupa, Kaka. Jina lake liko kwenye jiwe la kijiji la waliokufa vitani, na liko kwenye kitabu kile.

Shida ni hii. Alama ya kwanza ya kulipata rundo naijua: mnara wa kengele ya moto uingie katikati ya pengo la mlima. Alama ya pili ni dohani ya kiwanda cha hariri isimame juu ya mti mkubwa wa hekaluni. Lakini dohani ile waliibomoa mwezi wa Julai, na matofali yake yamekuwa choo cha shule. Kwa hiyo nina mstari mmoja tu, nao ni mrefu kuvuka ziwa.

Wewe ndiye uliyepeleka mawe mapya kabla ya kuondoka. Kuna alama nyingine? Tafadhali niandikie mapema.

Mdogo wako,
Chigusa


Shimonoseki
22 Desemba 1958

Kwa Mheshimiwa Mpimaji wa Barafu,

Hongera kwa cheo. Sikujua ukoo wetu ungetoa ofisa. Barua yako imenifikia na harufu ya kachumbari, au labda ni pua yangu inayotamani. Mimi ni mzima. Chumbani tupo sita, na mmoja, anaitwa Gosaku, anaimba akiwa usingizini nyimbo za kupanda mpunga, ubeti mzima, kisha anajipigia makofi.

Utacheka ukijua mimi pia naishi na barafu. Hapa tunaigandisha kiwandani katika makopo marefu ya chuma, tunaisaga, tunaimimina kwenye meli za samaki. Ninaisukuma kutwa kwa ndoana. Lakini barafu ya hapa ni bubu. Haijawahi kulia hata mara moja. Jioni nikitoka najikuta nimesimama, nasikiliza, halafu nakumbuka niko wapi.

Mwambie Mama anywe maji ya moto yenye tangawizi na aache kusingizia jiko. Soksi alizonitumia zimenitosha.

Kuhusu lile jambo la alama, sikumbuki vizuri. Ni zaidi ya mwaka. Mwulize Babu, yeye analijua ziwa kuliko anavyojua meno yake.

Heri ya mwaka mpya kwa wote.

Nobuteru


Hamaoki
5 Januari 1959

Kaka Nobuteru,

Heri ya mwaka mpya. Tumetwanga keki za mchele na Mama Orie wa nyumba ya jirani, ambaye alikuwa anageuza donge huku Mama akitwanga. Mama alipochelewa kidogo Mama Orie alimwambia, "Dada, twanga! Au unangoja mchele ujipige wenyewe?" Tulicheka hadi tukakaa chini. Babu alikula moja, tuliyoikata vipande vidogo sana.

Ziwa limefunga. Lilifunga kwa siku moja, tarehe 28, siku isiyo na upepo. Asubuhi lilikuwa maji, jioni lilikuwa kimya, na kesho yake lilikuwa jeusi na laini kama sinia lililopakwa vanishi. Leo nimepima sentimita saba. Watu wazima hawaruhusiwi mpaka kumi, lakini mimi ni mwepesi, na Mzee Ushiyama ameniruhusu nitembee na mwanzi mrefu ubavuni ili nikitumbukia unishike.

Barafu imeanza kulia. Jua linapozama inapiga sauti ile ya mbali, kama mtu anayevuta kabati chini ya kilima. Wazee wanasema mungu wa ng'ambo anatafuta viatu vyake ili aje kumtembelea mkewe. Mwalimu Komaki anasema ni barafu inayotanuka na kubanana. Nimeandika yote mawili kwenye daftari.

Kaka, siwezi kumwuliza Babu. Anapumzika. Tafadhali jaribu kukumbuka. Hata kitu kidogo kitanisaidia: siku ile uliona nini upande wa kushoto? Ulihesabu mapigo mangapi ya kasia? Nasubiri kila siku baiskeli ya posta, mpaka tarishi ameniambia, "Binti, kama ni mchumba sema tu, nitamkaripia kwa niaba yako." Nimemwambia ni kaka. Akasema, "Basi hao ndio wavivu zaidi."

Chigusa


Hamaoki
19 Januari 1959

Kaka,

Sijapata jibu. Labda theluji imezuia treni.

Barafu ni sentimita kumi na tatu. Ziwa lote sasa lina watu. Wanaovua dagaa wa barafu wamekaa kwenye mashimo yao, migongo upande wa upepo, na moshi wa majiko yao unapanda wima. Marundo mawili yameshafunguliwa. Nilikwenda kuangalia lile la Mama Orie na mumewe. Waliikata barafu kwa misumeno kuzunguka mawe, wakateremsha mikeka ya matete pande zote, wakaacha mlango mmoja wenye mtego. Kisha wakatoa jiwe moja moja kwa koleo ndefu, taratibu, kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku. Samaki walikuwa wamelala humo ndani wote pamoja, koi wakubwa kwa funa wadogo kwa kamba, wala hawakukimbia mpaka nyumba yao ilipobaki mawe matatu. Nilisikitika kidogo. Kisha Mama Orie alinipa supu.

Mimi nimetoboa mashimo kumi na saba kwenye mstari wa mnara. Mtaimbo unashuka, unakutana na tope, unazama bila sauti. Ungegonga jiwe ningesikia.

Kwenye shimo la kumi na saba nilijilaza kifudifudi, nikajifunika kichwa kwa lile koti la majani makavu la Babu ili giza liingie, nikachungulia. Kaka, uliwahi kuchungulia hivyo? Mwanzoni ni weusi tu. Kisha mwanga unakuja kutoka chini, wa kijani, sijui unatoka wapi. Magugu yalikuwa yamesimama wima bila kutikisika. Dagaa walipita kama sindano zinazoshona kitu nisichokiona. Nilijiona kama nimelala juu ya dari ya nyumba ya watu, nawachungulia wakiwa kwenye shughuli zao, na kwamba nikinyamaza vya kutosha mmoja wao atainua uso aniambie, "Ni pale, binti, hatua chache tu." Barafu ililia mbali, sauti ikapita chini ya tumbo langu na kwenda zake. Nadhani nilisinzia. Mama Orie alinivuta mguu. "Wewe! Unataka kuwa dagaa? Nitakukausha nikuuze!"

Hakuna jiwe. Mzee Ushiyama amesema Chama kitafunga barafu tarehe 20 Februari. Baada ya hapo hakuna atakayeruhusiwa, na kitabu kitaandikwa upya.

Nakuomba.

Chigusa


Shimonoseki
21 Januari 1959

Kwa Chigusa,

Natumai hamjambo. Hapa mvua inanyesha, si theluji, mvua tu, kila siku. Nimewatumia machungwa sanduku moja dogo. Yale yaliyo juu ni ya Mama, ya chini yameminywa kidogo, hayo ni ya kwako kwa sababu wewe ni mdogo na huna haki.

Nimefikiri kuhusu rundo. Waache wafute. Kweli nakwambia. Ziwa lenyewe limezeeka, barafu inakuja mwaka huu, mwakani haiji. Mama anajiumiza mikono kwa samaki wanaotosha supu ya wiki mbili. Ukimaliza shule njoo huku, kuna kazi ya uandishi ofisini, na wewe una mwandiko. Babu naye akija atakaa juani. Jina la Baba halitazidi wala kupungua kwa sababu ya mawe.

Usitembee peke yako kwenye barafu. Hilo ni agizo.

Nobuteru


Hamaoki
29 Januari 1959

Kaka Nobuteru,

Leo sitaji majira. Mwalimu Komaki atanisamehe.

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Nilipoisoma yako nilikwenda nje nikakaa kwenye ghala la nyavu mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa nitakuambia jambo ambalo Mama alinikataza kuliandika, na Mama akijua, iwe ni kosa langu.

Tarehe 14 Septemba Babu alianguka akiwa anashona wavu. Ni kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu unaburuta, na maneno hayatoki. Anasikia kila kitu. Anaelewa kila kitu. Mdomo tu ndio uliofungwa. Nilimwambia Mama, "Tumwandikie Kaka." Akanijibu, "Akijua ataacha kazi, na atarudi kwa huruma. Sitaki mtoto anayerudi nyumbani kwa huruma." Ndiyo maana nilikuandikia kwamba anapumzika na kwamba hasemi sana. Sikusema uongo, lakini niliuzunguka ukweli, na nimekuwa nikiona aibu kila nilipofunga bahasha.

Unaniambia nimwulize Babu. Nilimwuliza. Nilichora ziwa kwenye karatasi kubwa, nikaweka mnara na mlima na mti, nikampa kalamu mkono wa kushoto. Aliitazama ramani kwa muda mrefu. Kisha akaiweka kalamu chini, akafumba macho, akageukia ukuta. Sijui kwa nini. Hakuwa amechoka.

Nimekumbuka na hili. Mwaka jana, Januari, alikwenda peke yake kwenye barafu na mtaimbo, asubuhi nzuri kabisa, watu wote wanavua. Alirudi mchana, akavua viatu, akasema, "Barafu mbaya mwaka huu." Mama akamwambia, "Baba, watu wote wako huko." Akasema, "Basi watu wote ni wajinga." Hakwenda tena.

Sitaki kazi ya uandishi. Nataka kujua mawe yetu yako wapi. Kama hutaki kuniambia, andika kwamba hutaki, lakini usiniandikie tena kwamba hukumbuki. Wewe ulikuwa unakumbuka rangi ya kila mbwa wa kijiji hiki.

Barafu sentimita kumi na sita.

Chigusa


Shimonoseki
9 Februari 1959

Chigusa,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichoma kwenye jiko la kiwanda, na Gosaku amenishutumu kwamba nina siri za mwanamke. Nikamwambia ni kweli, ana miaka kumi na minne na ananitesa.

Sasa sikiliza. Mawe hayapo mahali petu.

Siku ile ya Oktoba, kabla sijaondoka, Babu alinituma kupeleka mitumbwi mitatu ya mawe mapya juu ya yale ya zamani yaliyokuwa yanamezwa na tope. Usiku wa kabla tulikuwa tumegombana. Nilimwambia naondoka kwa treni ya kesho, akanipiga kibao mbele ya Mama, halafu akasema, "Hata kama unaondoka, maliza kazi." Nilitoka alfajiri na hasira. Kulikuwa na ukungu, sikuuona mnara wala mlima. Nilichoona ni ncha ya dohani na kichwa cha mti juu ya ukungu. Nikazipanga, nikahesabu mapigo mia tatu ya kasia kutoka gati letu, kama alivyonifundisha, nikamwaga mtumbwi wa kwanza.

Ukungu ulipoondoka nikaona kosa. Ile haikuwa dohani ya kiwanda cha hariri. Ilikuwa ya kiwanda cha miso, kile cha kuchachusha soya. Hakuna mtoto wa Hamaoki aliyewahi kuchanganya dohani hizo mbili, hata wewe ukiwa na miaka mitatu ulizijua. Mawe yameshazama. Na mimi, badala ya kupeleka mitumbwi miwili iliyobaki mahali pake, nilisema nusu hapa na nusu kule ni sawa na hakuna, nikaimwaga yote palepale. Nilikuwa na haraka ya treni. Nilirudi nikamwambia Babu, "Tayari." Akasema, "Vizuri." Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Kumbe mwaka jana alikwenda akapima akakuta tope. Alijua. Alikuja nyumbani akasingizia barafu, akajiita yeye ndiye asiyejua barafu, mtu aliyeisoma miaka hamsini, ili mimi nisionekane. Na juzi alipoiacha ramani yako akageukia ukuta, alikuwa ananificha mimi.

Dohani ya miso bado imesimama? Ipange juu ya mti wa hekaluni, uhesabu kutoka gati. Mapigo mia tatu yangu ni kama hatua mia nne na hamsini zako. Mwambie Mzee Ushiyama ukweli wote. Usilainishe.

Samahani haitoshi lakini sina kingine cha kutia ndani ya bahasha hii.

Nobuteru


Hamaoki
23 Februari 1959

Kaka Nobuteru mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama hakohoi tena. Majira ni haya: kwenye matawi ya mierebi kando ya gati kuna vichipukizi vidogo vya manyoya ya kijivu, na barafu iliyobaki imekuwa nyeupe kama mchele uliolowekwa.

Barua yako ilifika tarehe 16 jioni. Tarishi hakutania, aliniona uso akaniachia tu. Asubuhi yake nilimpelekea Mzee Ushiyama nikamsomea yote, hata pale kwenye kibao. Mkewe alikuwa anamkata nywele, kwa hiyo alisikiliza nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Kisha akasema, "Nilimwona siku ile kwenye ukungu. Nilidhani ananiibia samaki wangu wa mkunga. Kumbe alikuwa anapanda mawe kama mtu anayepanda viazi shamba la mwenzake." Mkewe akamwambia, "Tulia, nitakukata sikio." Akaendelea: kanuni inasema mahali ni pale mawe yalipo, mradi pawe pima thelathini kutoka rundo la jirani. Pungufu ya hapo, hapana, hata kwa mjane wa vita. Akapima barafu mwenyewe: sentimita kumi na moja, na jua limeanza kuila. "Kesho alfajiri," akasema. "Saa tano nikipiga kelele mtoke, mnatoka, hata kama mna koi mkononi."

Tulikwenda tarehe 18. Mama, mimi, Mama Orie na mumewe, Mzee Ushiyama na kamba ya kupimia. Babu tulimvika makoti mawili tukamweka juu ya sleji ya kuvutwa barafuni, kwa sababu Mama alipomvalisha viatu vya ndani alivivua, akanyoosha kidole kwenye viatu vya barafu. Mama alimwambia, "Baba, mtoto amesema kila kitu kwenye barua." Babu aliinamisha kichwa. Hakutazama ukuta.

Nilitoka gatini nikihesabu. Hatua ya mia nne na thelathini dohani ya miso ilipanda taratibu juu ya mti, kama mtu anayesimama kutoka kitini. Nilitoboa. Tope. Nikasogea hatua tano. Tope. Shimo la tatu, mtaimbo uligonga. Kaka, sauti ile siwezi kuiandika. Ilipanda kwenye chuma ikaingia kwenye viganja vyangu, na Babu akapiga ubao wa sleji kwa mkono wake wa kushoto, mara moja, kwa nguvu.

Kisha ikaja kamba. Jirani wa karibu ni rundo la Mama Orie; mawe yao yameshatolewa, lakini alama ya barafu waliyoikata Januari bado inaonekana. Mzee Ushiyama alipima kutoka ukingo wao hadi ukingo wetu. "Ishirini na tisa," akasema. Akapima tena. "Ishirini na tisa." Mama alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Orie akavua glavu.

"Kamba gani hiyo?" akauliza. "Imelowa, imejikunja. Nipe."

"Kamba ni ya Chama, mama."

"Na mimi ni nani, wa Chama cha kuku? Wewe shika huko." Akaenda kwenye rundo lake, akasimama ndani kabisa ya ukingo wake, hatua mbili ndefu kuelekea katikati. "Mpaka wa mawe yangu ni hapa. Kuanzia leo. Mume wangu, ni hapa au si hapa?"

Mumewe akasema, "Mimi nimekuja kukata barafu tu."

"Umesikia, Mzee. Amekubali. Pima."

Ilikuwa thelathini. Mzee Ushiyama aliandika kwenye kitabu akiwa amesimama, akipuliza wino usigande.

Tulikata, tukateremsha matete, tukaanza kutoa mawe. Jua lilipanda. Maji yalianza kujaa juu ya barafu, yakalowesha sleji, na chini yetu kulikuwa na milio mifupi, si ule wimbo wa Januari, bali kama mtu anayevunja kuni ndogo ndogo bila haraka. Nilikuwa nimelala ukingoni nashika mkeka na niliweza kuwaona. Walikuwa wengi, Kaka. Tangu uyamwage mawe hakuna aliyewagusa. Koi walikuwa wamelala kama magogo yenye macho, na kamba walikuwa wanatembea juu ya migongo yao. Saa tano Mzee alipiga kelele. Yalibaki mawe kama arobaini, na humo ndani bila shaka walibaki samaki, lakini tulitoka. Tumepata koi kumi na mmoja, funa vikapu vinne, mkunga mmoja ambaye Mama Orie alimkalia ili asitoroke, na kamba wa kutosha kijiji. Kwa kanuni ya Chama, rundo limefunguliwa. Jina la Baba limeandikwa upya, na chini yake alama mpya. Wino bado ulikuwa unang'aa.

Siku mbili baadaye barafu ilipasuka kutoka upande wa mto.

Mawe tuliyoyatoa yamepangwa mbele ya nyumba, yananuka ziwa. Mchana tunamtoa Babu akae juani karibu nayo. Juzi alianza kuyagusa moja moja, anaweka mkono, anauondoa, anakwenda kwa lingine. Hakuna hata moja analolijua, kwa sababu yote uliyakusanya wewe. Alitumia karibu alasiri nzima. Kisha akachagua moja akaliweka mapajani. Jioni Mama alitaka kulichukua ili amwingize ndani, akakataa. Akaingia nalo. Usiku amelala nalo kando ya mto wa kichwa, na asubuhi tulimkuta mkono wake uko juu yake. Mama anasema tumwache.

Msimu wa majani kuanguka mawe yarudishwe majini. Mama anaweza kupiga kasia, mimi naweza kupanga alama. Tutaweza. Nimekuandikia hivyo ili ujue tutaweza, na kwamba ukija, haitakuwa kwa huruma.

Mdogo wako,
Chigusa


Shimonoseki
4 Machi 1959

Chigusa,

Mimi mzima. Nimesoma barua yako gatini, nikaisoma tena chumbani, kisha Gosaku akaniomba nimsomee na yeye, akalia kama mtoto na kusema ni kwa sababu ya yule mkunga.

Nina swali moja. Jiwe alilolichagua Babu ni la namna gani? Kuna moja jeusi, bapa, lenye mshipa mweupe, nililitoa mtoni asubuhi ile ile, likaniteleza likanipiga mguu, nikalitukana. Kuna jingine la kijani, zito kuliko linavyoonekana. Au labda ni la kawaida tu, ambalo hata silikumbuki.

Kiwanda kimenipa siku saba kuanzia tarehe 12. Usinijibu kwa barua. Nitaliona mwenyewe.

Nobuteru